Sentensi Moja kwa Kila Shuka

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, dobi mkuu, Mzee Pembe, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila siahidi makubwa.

Jina la Pembe tulimpa sisi wenyewe. Kila asubuhi, shuka zikitoka kwenye mashine ya kukausha, hupaza sauti tushike pembe, hata kama tumekwisha kuzishika. Kwa wasiowahi kuteremka huku chini, na wakubwa wengi hamjawahi, shuka hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, kisha mnaachana kufuata nyingine. Kazi hiyo inachosha mpaka basi. Mzee Pembe ndiye aliyeigeuza kuwa raha: mkikutana, anakupa sentensi moja ya hadithi. Moja tu. Ukitaka kujua kilichofuata, chukua shuka nyingine.

Upande wa pili nilikuwa mimi. Mama mtu mzima, nikawa nagombania shuka za wodi nzima kana kwamba zinagawiwa bure!

Hadithi ya jamaa aliyekwenda kuposa akaingia nyumba siyo, akakaribishwa, akala, akakubaliwa, ilituchukua karibu wiki. Daktari mmoja wa upasuaji alishuka kufuata gauni safi, akaduwaa mlangoni na gauni mkononi, mpaka nesi alipokuja kumkokota, mgonjwa keshalazwa mezani. Jioni akatupigia simu kuuliza kama yule jamaa alioa. Mzee Pembe alimjibu kwamba kama anataka kujua, aje akunje.

Tulibishana sana kuhusu furaha. Mimi nilishikilia kwamba furaha ya kudumu haipo. Inapita, unaisalimia, basi. Yeye alikataa katakata. Alisema watu wanaikosa kwa sababu wanaitaka yote kwa mkupuo. Ikubali kidogo kidogo, kila siku, itakufikisha kaburini ungali unacheka. Nikamwambia anajidanganya, akanicheka. Mwaka aliofiwa na mkewe alirudi kazini macho mekundu, akasimama katikati ya chumba, akapaza sauti tushike pembe. Siku ile nilianza kumwamini.

Mwezi uliopita aliomba jambo moja. Hakutaka mkataba wala malipo. Alitaka tu aruhusiwe kuja asubuhi, akunje shuka hadi wakati wa chai, aende zake. Watoto wake wako mbali na nyumba imempwaya. Jumatatu majibu yakaja: haiwezekani. Asiye mfanyakazi haruhusiwi kuingia chumba cha kufulia, na isitoshe mashine ya kukunja inaletwa hivi karibuni, nayo inataka mtu mmoja tu wa kubonyeza vitufe. Afisa utumishi alimweleza kwa upole kabisa, akamsihi aende akapumzike, akaifurahie nyumba yake.

Tangu hapo Mzee Pembe anakunja shuka kimya. Hadithi ya mwizi iliyokuwa njiani ameitupa. Mwizi wetu bado amekwama dirishani, nusu ndani nusu nje. Tunasogeleana, vidole vinagusana, nasubiri, anageuka. Jana uvumilivu ulinishinda, nikamuuliza iko wapi ile furaha yake ya kidogo kidogo. Akanijibu kwamba nilikuwa sahihi, haidumu. Alidhani ni yake, kumbe ilikuwa ya chumba hiki. Nyumbani shuka zipo, akasema, wa kushika upande wa pili ndiye hayupo.

Jamani, sikuutaka ushindi huo. Miaka yote nilibishana naye nikitumaini kushindwa.

Zawadi ya uongozi nimeiona, maana ililetwa kwetu ipigwe pasi kabla ya kufungwa utepe: shuka mbili mpya, nyeupe, za kitanda cha watu wawili. Aliyezichagua hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa na nia mbaya ningemgombeza nikalala usingizi.

Kamati mlitaka nimalizie kwa kumtakia mstaafu wetu maisha yenye furaha. Alikuwa nayo. Ilikuwa huku chini, saa za kazi, katikati ya mvuke na harufu ya sabuni, na haikumgharimu mtu yeyote chochote. Sisi ndio tumeifungia mlango yeye akiwa nje, halafu tumepika na kukodi viti ili tumpongeze.

Mzee wetu, asante kwa kila sentensi. Asante kwa asubuhi zote ulizotufanya tusahau uzito wa shuka mbichi. Nenda salama. Tunakutakia afya, usingizi mwanana, na mtu wa kushika upande wa pili.