Shingo ya Mzee Sabiti

Mwaka ule vilima vya Benaco vilipogeuka maturubai matupu kwa wingi wa wakimbizi, kahawa ya kueleweka ilikuwa kwenye benchi moja tu, la Mzee Sabiti, pale njia panda. Sheria yake ilikuwa moja: haondoki mpaka birika likauke. Jana mkono wake wa kulia ulilegea ghafla, kikombe kikaanguka, ulimi ukawa mzito. Punde akarudi mzima kama si yeye. Daktari wa kambi akamsikiliza shingo, akasema mshipa unavuma, huenda umeziba. Leo akapimwe kwa mashine ya daktari mgeni, kabla mgeni hajaondoka saa sita. Na Taufiki, tanboi wa malori, jina la kijiweni Injini, ndiye aliyeishusha mashine hiyo garini. Nani angemnyamazisha?

— Wameijaribu kwenye shingo yangu kwanza, wazee! Wamechagua shingo ya maana.

— Walitaka kitu kitupu, kama kichwa chako, akasema Celestini, wakala wa forodha wa Rusumo, waliyemwita Mhuri.

— Cheka tu. Wanakupaka utelezi, baridi kama tumbo la chura. Wanapitisha kidude mithili ya kipande cha sabuni. Hakuna sindano, hakuna kisu! Kiooni unauona mshipa wako mzima, damu inapita shwaa, shwaa. Palipobana inafoka, kama mpira wa maji ulioubana kwa kidole.

— Basi ni forodha hasa! Kila tone linasimamishwa, linaulizwa limetoka wapi.

— Na linajibu! Daktari alijua nimekula maharage ya Kirushya.

— Ndiyo maana wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Inakwama!

— Madaktari wale, Mhuri, wanasikia lori likipata pancha Kahama wakiwa hapahapa.

Mzee Sabiti akacheka, akaongeza kahawa. Kwa mkono wa kushoto, yeye asiyempa mtu kitu kwa kushoto. Taufiki akaona, akautazama ule wa kulia uliolala pajani.

Mara akatokea Fathiya, mke wa mzee, mtandio begani, anahema.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mgeni anafungasha. Mashine mnaisifu hivyo, mbona mwenye shingo bado anawamiminia ninyi?

Kijiwe kizima kikatua vikombe chini.

— Birika halijakauka, mke wangu, akasema Sabiti, taratibu.

Taufiki, ambaye hajawahi kubakiza hata tone, akalinyanyua birika, akaligeuza. Vumbi likainywa kahawa yote.

— Limekauka, mzee. Twende.