Chujio la Mayala

Kijiwe chetu cha Mirongo ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la ushirika, ambalo halijafunguliwa tangu ruksa ya biashara huria iingie. Nyuma yetu unapita Mto Mirongo wenyewe, kama ule bado unastahili jina hilo. Tunakaa hapo kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, kwa sababu hatuna kazi. Mzee Shimba, jina la kijiweni Kiwanda, alitia mafuta mashine za kufuma kwa miaka ishirini na miwili mpaka wakampunguza. Overoli bado anayo mwilini. Machibya tunamwita Sindano. Aliwahi kufagia zahanati, sasa anaandikia dawa mtaa mzima. Salehe anauza kahawa, ndiye pekee mwenye ajira, kwa hiyo tunamheshimu. Mimi ni Digrii. Bachelor of Science, kemia na biolojia, Mlimani, upper second. Barua za kuomba kazi nimeandika thelathini na moja, majibu nimepata mawili, na yote mawili yanaanza na we regret. Jumanne hiyo ya mwaka tisini na saba, kwenye msumari wa dirisha la ushirika, kilikuwa kinaning'inia kitu cha kwanza ambacho digrii yangu imewahi kuzaa.

Ni chujio la maji, la Mayala, aliyepanga chumba uani nyuma ya duka. Kesho alfajiri Mayala anavuka Busisi kwa pantoni kurudi machimboni. Lori linawashusha mahali, halafu ni kutembea siku mbili, mzigo mgongoni, mnakunywa mlichokikuta. Mwezi wa pili kaka yake, Josephat, alianza kuharisha huko asubuhi. Jioni wakamfunika turubai. Kipindupindu. Mayala akanifuata: "Digrii, wewe umesoma. Nitengenezee kitu cha kusafisha maji, kisichotaka moto, kinachoingia kwenye begi."

Nikatengeneza. Mkono wa koti la mvua la mtumba ndio tangi. Mpira wa dripu unashusha maji kwenye chupa ya plastiki ya hotelini, ile wanayonywea maji wageni, nimeikata kitako na kuigeuza kichwa chini. Ndani kuna kokoto, mchanga wa ziwani niliouosha mpaka vidole vikachubuka, mkaa uliotwangwa, na pamba. Chini yake, juu ya benchi, tuliweka glasi ya Salehe. Hakuna pampu wala umeme. Gravity tu, kitu pekee nchi hii ambacho bado hakijabinafsishwa.

Tulimimina maji ya Mirongo, rangi ya chai ya maziwa. Tukasubiri. Tone la kwanza likadondoka.

— Wallahi meupe! Salehe akapiga kelele. Tazameni! Meupe kama ya mvua!

— Ning'iniza juu zaidi, Kiwanda akaamuru. Lifike kwenye bati.

— Ya nini, mzee wangu?

— Vijidudu vikianguka kutoka juu vinavunjika miguu.

— Mzee, bakteria hawana miguu, nikamwambia.

— Uliwaona wapi?

— Kwenye hadubini ya chuo.

— Mali ya serikali hiyo. Ilikuwa mbovu.

Sindano akacheka, akasogea mbele kama daktari anayepita wodini.

— Habari ya urefu achaneni nayo. Siri iko kwenye kona. Huu mpira upigeni kona tatu. Kijidudu kikikata kona ya tatu kinashikwa kizunguzungu, kinatapika, kinakufa. Zahanati tumeyaona haya.

— Zahanati wewe ulikuwa na fagio, Salehe akamwambia.

— Fagio linaingia vyumba vyote, bwana mdogo. Daktari anakaa kimoja.

— Hapa kasoro ni pamba, Kiwanda akaendelea, hakumsikia hata mmoja. Hii ya kufutia vidonda. Ingekuwa ile tuliyokuwa tunafuma sisi, hapiti hata shetani. Na zamani hatukuchuja. Nimekunywa Mirongo hii hii, nikaenda zamu ya usiku, nikarudi mzima. Vijidudu vya siku zile vilikuwa na nidhamu! Hivi vya sasa vimeingia na mitumba, vimejificha kwenye makoti. Na huyu msomi wenu kachukua nini kuchujia? Koti!

— Hapo mzee umenena, Sindano akasema.

— Mimi naogopa wazungu, akasema Salehe. Wataliona, watalibeba. Sangara si wanachukua minofu, sisi tunakaanga mapanki, mifupa mitupu? Na hili watachukua maji, watuachie mchanga.

Tulicheka. Mayala hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya glasi, anayahesabu matone.

— Digrii, yamesafika?

— Tope limetoka. Harufu nayo imekwisha, nusa.

— Nimenusa. Ugonjwa je?

— Theoretically speaking, inategemea na...

— Sema Kiswahili, kaka.

— Yanasaidia.

Ndivyo nilivyosema. Yanasaidia. Miaka mitatu Mlimani nimesomeshwa kwamba yule mdudu wa kipindupindu ni mdogo kiasi kwamba anapita kwenye mchanga wangu kama mwenye nyumba anavyopita kwenye geti lake. Mchanga wa kumzuia unataka pipa zima na wiki kadhaa za kutulia, si chupa ya kubeba mgongoni. Nilijua wakati naosha mchanga. Nilijua wakati natwanga mkaa. Lakini tangu nimerudi kutoka chuo hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitengenezee kitu.

— Ukiyachemsha baada ya kuyachuja, nikasema kwa sauti ndogo, hapo yanakuwa safi kabisa. Hundred percent.

Mayala akainuka.

— Sasa si nilikwambia? Kule hakuna kuni. Vilima vimebaki upara. Kila mti unaopatikana unakwenda shimoni, tunakingia kuta zisituporomokee. Ukichoma gogo moja uchemshe maji, kuna mtu chini ataangukiwa na udongo. Wanakupiga, na wana haki.

— Vidonge vya kutia kwenye maji? Salehe akauliza.

— Vimeisha dirishani kule zahanati tangu Januari, Sindano akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kitu anachokijua.

Kila mmoja akaangalia kikombe chake cha kahawa. Kiwanda akawahi:

— Ndiyo maana nasema lipandishwe juu ya bati!

Tukarudi kwenye kelele. Kona tano. Kona saba. Sindano akataka tutie chumvi ili vijidudu vishikwe kiu, vinywe vyenyewe kwa vyenyewe. Glasi ikafika nusu, na katikati ya kelele hizo mke wa Mayala akatokea uani, begi la mgongoni amelitundika begani. Tereza. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu, na hatujawahi kumlaumu.

— Shikamoo, Mzee Shimba.

— Marahaba, mwanangu. Mhola?

— Mhola duhu. Nimefuata hilo chujio, nafunga mzigo.

Tulimweleza wote kwa pamoja, mkaa, pamba, kona, bati. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua glasi, akainua juani, na maji yakang'aa mpaka nikaona fahari kifuani, God forgive me.

— Ni mazuri, akasema. Nani kati yenu ameyanywa?

Sikuwahi kusikia Mto Mirongo ukipita. Siku hiyo niliusikia.

Kiwanda akashika kifungo cha overoli. Sindano akasema yeye leo yuko kwenye dozi. Salehe akainama kupuliza jiko lililokuwa linawaka vizuri tu. Mikononi mwetu kila mmoja alikuwa na kikombe cha kahawa, maji ya mto huo huo, yamechemka tangu alfajiri, na tumeyanywa miaka yote bila hata kuumwa tumbo. Tereza akayapitia macho yetu moja moja, akaishia kwangu.

— Mwalimu?

Ndivyo alivyoniita, kwa adabu. Mimi nikainua kikombe, nikanywa kahawa.

Mayala akanyoosha mkono kwenye glasi.

— Wewe acha, Tereza akamwambia. Nimewauliza wao.

Akaiweka glasi chini, pale pale penye matone. Akafungua begi aangalie kama limefungwa sawa. Shati, turubai, sururu iliyokatwa mpini. Chini kabisa, sufuria nyeusi yenye mfuniko.

— Mama Mhoja, Mayala akamwambia mkewe, sufuria hiyo si ndiyo unapikia watoto?

— Ndiyo hiyo.

— Na kuni nitoe wapi? Nimekwambia zote zinakwenda shimoni.

— Chimba shimo fupi.

— Dhahabu haikai kwenye shimo fupi.

— Najua.

Akavuta zipu. Wakarudi uani, yeye mbele na begi, Mayala nyuma yake mikono mitupu. Chujio likabaki kwenye msumari linadondosha. Glasi ikajaa, ikafurika, maji yakatambaa juu ya benchi mpaka kwenye suruali zetu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuiondoa, asije akadhaniwa anataka kunywa.