Sekunde Kumi za Mama Chapuchapu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka muuguzi wa chumba cha dharura. Wenzake walimwita Mama Chapuchapu. Ametutoka Jumanne.

Jina hilo lilitokana na kazi. Moyo ukienda mbio kupita kiasi, kuna dawa inayochomwa mshipani. Lazima isukumwe chap, na maji ya chumvi yaifuate papo hapo, maana nguvu yake huisha kwa sekunde chache. Ukiisukuma polepole kwa huruma, umepoteza dawa. Moyo husita kidogo, kisha huanza upya taratibu. Lakini mgonjwa, jamani, huona kifo hiki hapa!

Siku moja aliletwa fundi cherehani. Mapigo mia mbili kwa dakika. Alikuwa akitetemeka, na muuguzi wetu akamwonea huruma. Akamwambia, "Hutasikia kitu, mwanangu." Ulikuwa uongo. Dawa ilipoingia, fundi alipiga yowe. Alipona, ndiyo, lakini aliondoka bila kuaga.

Miezi mitatu baadaye, moyo wake ukaanza tena kwenda mbio. Fundi akajifungia dukani kwake. Dada yake akapiga simu hospitali huku analia: "Anasema bora afie hapa kuliko kurudi kwenu!"

Mama Chapuchapu alikwenda na sare yake, mbio. Moyoni alijua kosa ni la nani. Akabisha mlango.

"Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe. Utahisi kama unakufa. Ni sekunde kumi tu. Tutazihesabu wote."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka.

Hospitalini alimshika mkono, mwenzake akasukuma dawa. Wakahesabu. Walipofika saba, fundi akafumba macho. Walipofika kumi, akayafumbua, akasema, "Mama, hesabu zako zinakwenda polepole kuliko dawa yako!" Chumba kizima kikacheka.

Tangu siku ile Mama Chapuchapu hakumficha mgonjwa ukweli tena. Kila mgonjwa aliambiwa habari ya sekunde kumi kabla ya sindano.

Binti yake anatueleza ya Jumanne, mama yake akiwa hoi kitandani: "Baba alimwambia, 'Utapona, mke wangu.' Mama akatabasamu. 'Acha uongo, mzee. Sema kweli, kisha unishike mkono.' Baba akalia. Akasema, 'Sijui nitaishije bila wewe.' Mama akamwambia, 'Haya, sasa tunaongea.'"

Mzee wetu, binti yetu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: aliye kitandani nyumbani kwetu, tumemwambia nini leo?