Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Benchi letu liko barazani kwa Kinyozi, na asubuhi hiyo lilikuwa na kazi ya maana. Fundi Saa, mtu mpole anayetengeneza saa za watu huku yake imesimama, alikwenda kumtolea damu shemeji yake, akaambiwa haitafaa, ana homa ya ini aina ya B. Siku hiyo alikuwa amwone daktari, na sisi tulikuwa tumejitwika kumpangia maswali. Kinyozi alikuwa amemnyoa ndevu ili asionekane mgonjwa. Kikombe chake cha kahawa tulikifunga uzi mwekundu tukakitenga mwisho wa benchi. Uzi niliutoa mimi, na nilijiona mtu wa maana sana.

Kinyozi akafuta wembe kwenye aproni, akamgeukia Bondia, ambaye hajawahi kupigana na mtu.

— Swali la kwanza, akasema Bondia, kidevu juu. Homa gani hii haina joto? Mshike paji la uso, baridi. Daktari aeleze.

— Hilo la kitoto, akasema Waziri, ambaye wizara yake ni benchi hili. Muulize kuhusu hiyo B. Kama ni daraja, mtu anaruhusiwa kukata rufaa apandishwe A?

— Na ini lenyewe, akadakia Kinyozi, haliwezi kutolewa usiku likapumzika, asubuhi likarudishwa?

— Lirudishwe na nani, akauliza Waziri, na mwenyewe amelala?

— Mkewe yupo.

— Mimi ningeuliza la pili liko wapi, akasema Bondia. Figo mbili, mapafu mawili, ini moja. Hapo kuna la mtu limechukuliwa.

Kinyozi alimaliza kwa Bondia, akafuta wembe, akampaka Waziri povu.

— Fundi, umeyashika yote?

Fundi Saa alikuwa anakitazama kikombe chake.

— Mimi nina moja tu, akasema. Mjukuu wangu amezoea kulala kifuani kwangu mchana. Tangu nipewe majibu namkwepa. Akinyoosha mikono nageuka nyuma kama simwoni. Nataka kujua kama nitambeba tena.

Nilimwonea huruma sana, lakini sikusogea upande wake wa benchi.

— Hilo la nyumbani, akasema Waziri taratibu. Usimchoshe daktari. Muulize kwanza kama ukivaa miwani nyeusi, manjano ya macho bado yanahesabika.

Ndipo mkewe akatokea kumchukua. Tukamwamkia, tukampisha. Akauona ule uzi.

— Hiki nini?

— Usalama, shemeji, nikasema. Kikombe chake peke yake, tusiambukizane.

— Mimi nilipimwa jana. Muuguzi kaniambia kikombe hakina neno, na kumbeba mtoto hakuna neno. Akamgeukia mumewe. Umesikia? Mtoto anakulilia kule.

Fundi Saa alifunika uso kwa viganja.

— Tatizo ni damu, akaendelea. Basi kikombe chake nimekiona. Wembe wake ni upi?

Kinyozi alitazama wembe mkononi mwake. Bondia akagusa kidevu, akakiangalia kidole. Waziri alibaki na shavu moja safi, jingine povu. Nami nikakumbuka kwamba nilikuwa wa kwanza kunyolewa asubuhi ile, kama kila asubuhi, na kabla yangu jana kulikuwa na nani, hata sijui.

— Jamani, nauliza tu. Ni upi?

Kahawa ilikuwa bado nusu birika. Hakuna aliyeigusa.

Fundi Saa akachukua kikombe chake, akakinywa chote, akasimama.

— Twende, mke wangu.

— Fundi, ngoja kidogo, akasema Waziri, akijifuta povu kwa shati. Huko kwa daktari, benchi la kusubiria ni refu?

— Refu kiasi.

Tukainuka wote, na Kinyozi akafunga duka.