Mpaka Nilioutia Saini Carvalhosa

Sogeeni, Norberto na Eufémia, wanangu, mniinulie mto, maana pumzi imebaki chache na neno hili halijapata kusikiwa hata na padri.

Nilikuwa mwenyekiti wa kata yetu miaka kumi na minane, watu wakinivulia kofia hadi mlangoni pa manispaa kule Vilarelho. Mwaka mipaka ilipopimwa upya, mpimaji aliniuliza, "Mzee, kitongoji cha Carvalhosa ni chenu au cha kata ya ng'ambo?" Kilikuwa chetu tangu mababu, lakini barabara yake ya mlimani iliporomoka kila masika, na kila kikao lawama ziliniangukia mimi. Nikasema mpaka ni kijito, Carvalhosa ikabaki ng'ambo. Nikatia saini.

Shangazi yenu Deolinda, aliyeishi kule na mbuzi wake, alinijia ofisini amefura. "Aurélio, umenihamisha kata nimelala kitandani mwangu!"

Nikacheka. "Dada, mlima uko palepale."

"Mlima upo. Mashimo atafukia nani, mjinga wewe?"

Hakufukia mtu. Ng'ambo walisema barabara si yao, nasi tukasema si yetu, vichaka vikaifunga njia. Agosti ile moto wa msitu ulipopanda Carvalhosa, gari la zimamoto lilivuka kijito likakwama korongoni. Nilisimama nyuma yake nikimwita dada yangu hadi sauti ikakatika. Kesho yake tulimkuta mlangoni pa zizi, kamba ya mbuzi mkononi. Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia Deolinda. Mkaniona nimeinama nikibeba jeneza lake mkadhani ni huzuni. Ilikuwa aibu.

Sasa nawausia. Nyumba na mizeituni gawaneni sawa, msigombee jiwe. Ramani ya kale inayoonyesha Carvalhosa ni yetu, niliyomficha mpimaji, imo chini ya godoro hili. Ipelekeni barazani manispaa, siku ya kikao cha wazi, mtaje jina langu kwa sauti, mseme baba yetu alidanganya. Watawazomea, vumilieni. Nyumba nne bado zina watu kule, na kiangazi kinakuja. Mnizike Carvalhosa, miguuni pa Deolinda. Kibali ombeni ng'ambo... mimi ndiye niliyewapa makaburi yale.

Mungu awalinde, kama baraka ya mtu kama mimi inafika... awape ulimi usioogopa... Eufémia, usilie, mama... Norberto... Norberto, mbona umeuachia mkono wangu?