Upindo Mpana wa Mzee Chirau, Fundi Cherehani wa Msambweni

Wazee wetu shikamooni, mchungaji, na nyinyi majirani wa msikitini na wa kanisani mliokuja kutushika mkono, mimi ni Kalekye, mke wa Thoya, kitindamimba wa marehemu, na mama mkwe wangu Jumwa ameniomba niisome historia hii, nami nitaisoma mbio kidogo, mnisamehe, nikisimama sauti itanitoroka.

Marehemu Mzee Chirau Mwero alizaliwa upande wa Kinango, mwaka wa 1908 kwa makadirio ya wazee, mtoto wa pili wa Mwero wa Randu na mkewe Dama, watu wa mifugo na mahindi, akakua akichunga mbuzi, na alituambia kwamba huko ukilala chini mchana utasikia mawingu yakipita, sisi tukacheka, lakini yeye hakuwa mtu wa uongo.

Mwaka wa 1919 alipelekwa shule ya misheni, akasoma hadi darasa la tatu na kubatizwa, kisha mwaka wa 1926 akaenda Mombasa kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale.

Mwaka wa 1934 alihamia hapa Msambweni, akaweka cherehani yake barazani pa duka la nguo pale sokoni, na hapo amekaa miaka thelathini, mguu ukikanyaga, kichwa kimeinama, mlio wake ukawa kama mvua ndogo inayonyesha upande mmoja tu wa mji, watu wakija kuulizia suruali wanasinzia palepale, wanaamka wamefunikwa kitambaa, naye haulizi kitu, anaendelea. Kila sare ya shule aliiachia upindo mpana, mtoto akilalamika, "Babu, nguo kubwa hii, watanicheka," alijibu neno moja tu, "Utaifikia," na kila Januari mama zao waliufumua upindo kidogo, kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kikatoka na rangi yake mpya, na mtoto akawa amerefuka.

Tarehe 14 Agosti 1937 alifunga ndoa na Jumwa Fondo, wakajaliwa Mwinga, Kavumbi na Thoya, na mimi alinipokea mwaka jana kutoka Shimba Hills, Mkamba nisiyejua hata kukuna nazi, wengine wakiulizana, "Huyu wa bara atatuweza?", yeye akanisogezea kigoda karibu na cherehani, basi.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnisikilize, maana tangu jana nimeyasikia yanayosemwa jikoni na kule kwenye mikeka, kwamba binti yangu huyu niliyembeba amekuja na mguu mbaya, kwa kuwa alizaliwa asubuhi ya tarehe 9 Julai na Baba akaanguka mchana wa siku hiyo hiyo, na kwamba heri apelekwe kwetu Shimba Hills akalelewe huko, kabla hajammaliza mtu mwingine. Jamani, Baba hakuanza kuumwa Julai. Mnazo majumbani zile bendera ndogo alizowashonea watoto kwa sherehe za uhuru, Desemba iliyopita, na mlizicheka, mkasema zile kanda nyeupe zinakwenda kama njia ya ng'ombe, fundi siku hizi analipua kazi, kumbe hakulipua, mkono wake wa kuume ulikuwa na ganzi tangu Septemba ya mwaka jana, mama mkwe wangu ndiye aliyemtungia uzi, akakatazwa kusema, na daktari naye ametuambia presha ilikuwa ikipanda muda mrefu hadi ikaleta kiharusi. Hiyo Septemba mtoto huyu hakuwepo hata tumboni, sasa mguu wake mbaya ulitembea wapi?

Tena Baba mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, aliomba aletewe mtoto, akamwita Dama, jina la mamake, Jumwa na Kavumbi wakisikia, na Septemba hii akataka kurudi barazani, akashona gauni kwa mkono wa kushoto, mimi nikimkanyagia cherehani, nalo ndilo hili alilovaa Dama leo, mshono umekwenda upande kama zile bendera, upindo umekunjwa mara tatu. Nilimwambia, "Baba, kubwa mno," maana nilishaanza kuogopa, naye kwa ule mdomo mzito akasema, "Ataifikia."

Alifariki mchana wa Jumatano, tarehe 21 Oktoba 1964, nyumbani kwake, amelala, mikono imenyooka juu ya shuka kana kwamba anapima kitambaa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na mafundi wenzake mlionyamazisha cherehani leo tangu asubuhi, hata sokoni kumekuwa kama ndotoni. Na wazee wangu, mkitoka, mimi nitakuwa pale mlangoni, mwamkieni mtoto kwa jina lake.

Baba, mguu wako sasa utue, pumzika kwa amani. Dama ataifikia.