Mama Pasi na Msiba wa Mwana Aliye Hai

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa mama muuza maziwa. Alisoma hadi darasa la saba, akasifiwa kwa kuimba na kukaripiwa kwa kutonyamaza.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akabaki humo hadi alipostaafu mwaka 2013. Alinyoosha mashuka ya wagonjwa kana kwamba kila moja ni la bibi harusi. Mchungaji wetu hajasahau Jumapili aliyoambiwa naye mlangoni, mbele za watu, kwamba mahubiri yamenyooka ila kola bado.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na seremala, mtu mpole, wakajaliwa mtoto wa kiume, kisha wa kike. Seremala alifariki mwaka 2004. Kijana akashika pombe, na pombe ikamshika. Alianza na matusi, akafikia ngumi. Mama alificha; akiulizwa kuhusu jicho lililovimba, alisema amejigonga kwenye kabati, hadi mwenzake wa kazini akamwambia kabati hilo lina hasira sana. Juni 2016 kijana alimvunja mama mkono, akampasua dada yake mdomo. Marehemu alipotoka hospitali, alibadilisha kitasa.

Hapo maneno yakaanza. Wazee wa kanisa walikwenda kumsihi ampokee kijana, wakamkumbusha baba wa mwana mpotevu. Aliwamiminia chai, akawasikiliza hadi mwisho.

"Yule alirudi ametubu, wazee wangu," alisema. "Wangu alirudi jana na nyundo ya babake. Nimemsamehe, Mungu ni shahidi. Mlangoni hapiti."

Wiki ileile aliwaita kina mama wa maombi, akatandika mkeka sebuleni, akavaa nguo za msiba. Jirani alishtuka, akamuuliza kama huko si kumlaani mtu mzima mwenye afya yake.

"Simlaani, mama. Nimepoteza mtoto na sina kaburi la kulilia. Kaeni nami."

Walikaa naye hadi jioni, wakamwombea kijana kwa jina. Kisha marehemu akanawa uso, akatuma ujumbe: mwanawe amkute kanisani, mchungaji akiwepo. Kijana alikuja mara moja tu, akatukana, akaondoka.

Februari 2023 marehemu alipata kiharusi. Mwanawe alifika wodini, siku hiyo hajanywa. Marehemu alimtaka binti yake asitoke, ndipo akamshika kijana kwa mkono uliokuwa bado na nguvu. Kijana aliomba arudi nyumbani amuuguze.

"Hapa njoo kila siku, baba. Nyumbani, mpaka uache pombe."

Kijana aliuchomoa mkono wake, akaenda. Marehemu aligeukia ukutani, na siku nzima hakutaka kula. Hakumwona tena. Alifariki tarehe 14 Mei mwaka huohuo, bintiye akiwa kando yake.

Ameacha mwana wa kiume, binti na wajukuu wawili. Aliagiza mwana atajwe kwanza, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, na atupe udongo wa kwanza. Tunamwomba, popote aliposimama, asogee mbele; asizuiwe na mtu. Aliagiza pia kwamba baada ya maziko asipelekwe nyumbani kwa dada yake, hata akilia.

Bwana, mpumzishe mama yetu kwa amani. Amina.